Daftari la Muuza Santuri

Sahani za santuri zimepanda bei. Zile sahani ndogo za bendi za Tanga na Nairobi, ambazo watoto wa miaka ya 1990 walirushiana uwanjani, leo kuna watu wanapanda ndege kuzifuata. Huko Marekani, mwaka 2020 sahani ziliingiza fedha nyingi kuliko CD, jambo lililokuwa halijatokea tangu miaka ya 1980. Tangu mwaka 2008 maduka madogo ya santuri ya huko yana hata siku yao ya kila mwaka, na wapenzi wa muziki hupanga foleni mlangoni toka alfajiri. Kwetu wimbi hilo limeingia kwa mlango wa uani: wanunuzi wanapita mitaani wakiuliza kama marehemu babu aliacha sahani.

Hivi karibuni mmoja wao alipita mtaani kwetu. Majirani wakaja kuniuliza bei, maana wanajua nimekulia kwenye duka la santuri. Sikuwa na bei ya kuwatajia. Ila swali lao liliniamshia mambo ya maduka niliyoyapitia tangu utotoni, na kadiri ninavyoyakumbuka ndivyo ninavyoona kwamba wanunuzi hawa wanachukua nusu tu ya mali. Nusu ya pili hakuna anayeiulizia.

Duka la kwanza lilikuwa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za Tanga zinazoitwa kwa namba. Upande mmoja kulikuwa na meza ya fundi redio, upande wa pili masanduku ya mbao yaliyojaa sahani, na mzee mmoja ndiye aliyeendesha pande zote mbili. Juu ya mlango alitundika spika. Ikifika alasiri anaweka muziki na mtaa mzima unajua duka limechangamka. Ikiadhiniwa anazima, mpaka watu watoke msikitini.

Sisi watoto tulikuwa tunatumwa kununua betri, tukishafika haturudi. Tulibaki kutazama namna wateja walivyonunua. Wengi hawakujua jina la wimbo. Mtu anaingia, anaamkia, kisha anaanza kuguna kipande cha wimbo au kusimulia kisa: yule bwana anayelia mkewe kaondoka na watoto. Mzee anafunga macho kidogo, anapekua sanduku, anatoa sahani. Anaishika kwa kingo, anaipangusa kwa kitambaa laini, anashusha sindano. Ukiigusa sahani usoni kwa vidole anakwambia, “Mwanangu, hiyo si chapati.”

Nyimbo nyingi za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko upande mmoja wa sahani ndogo, kwa hiyo zilikatwa mbili. Upande wa kwanza una maneno. Upande wa pili magitaa yanachemka na waimbaji wanaachia kibwagizo tu. Vijana wa kumbi walitaka upande wa pili. Mzee hakukubali kuuanza. Kila mteja alisikilizishwa upande wa kwanza kwanza, hata awe na haraka ya basi. “Sikia anasema nini, halafu ndiyo ucheze,” aliwaambia. Walinung'unika lakini walisikiliza, na wapo walioingia kwa ajili ya gitaa wakatoka wanaimba maneno. Ndipo nilipoona kwamba muuzaji mzuri anamfundisha mteja kusikiliza bila kumhutubia. Anampangia tu kipi kianze.

Nilipoanza kujua kusoma vizuri nikapewa kazi. Katikati ya kila sahani pana karatasi ya duara. Juu yake kuna jina la lebo, chini yake jina la wimbo, kisha aina ya mdundo: rumba, twist, cha cha cha, taarab. Jina la mtunzi liko kwenye mabano, halafu jina la bendi, na pembeni namba ya sahani. Mzee alikuwa na kaunta buku nene la jalada gumu, na kila sahani iliyoingia dukani iliandikwa humo yote kama ilivyo. Mimi nilisoma, yeye aliandika. Kisha aliongeza, kwa wino mwekundu, yale ambayo karatasi haikuyataja: nani kaimba, nani kapiga solo, nani kapiga ridhimu, na fulani katoka bendi gani kabla ya kujiunga na hii.

Habari hizo alizipata kwa wanamuziki wenyewe. Tanga ilikuwa mji wa muziki. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz walikuwa wa hapa. Taarab ilikuwa na Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila Saidi ilijulikana pwani nzima. Ndugu wawili wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia Tanga, wakapitia Arusha, wakavuka kwenda Kenya na kuunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wenzao wakajitenga na kuanzisha Les Wanyika. Kwenye lebo utaona jina la bendi tu. Kwenye daftari la mzee uliona watu wakihama. Barazani mabishano yakipamba moto kuhusu nani kaimba nini, mtu anatumwa dukani, mzee anafungua ukurasa, na ubishi unaisha.

Siku moja alikuja bibi mmoja na vipande vya sahani ya zamani, zile nzito za mizunguko 78 ambazo zikianguka zinavunjika. Pwani ilizizoea sahani hizo tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na wenzake. Bibi aliuliza kama kuna gundi ya kuiunga. Haikuwapo. Mzee alimpa kiti, akamtengenezea chai, akakiokota kipande chenye karatasi na kunakili yaliyosomeka. Akamuuliza alivyoukumbuka wimbo, naye bibi akauimba taratibu pale pale, na mzee akaandika mistari aliyoweza kuidaka. Bibi aliondoka na vipande vyake kwenye upande wa kanga. Sahani ilikuwa imekufa, lakini jina la mwimbaji lilibaki dukani. Sikuuelewa uzito wa tendo lile hadi nilipokuwa mtu mzima.

Kisha ikaja shida ya bidhaa. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani. Bendi zilirekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, nyimbo zikapigwa hewani, na kanda ikabaki redioni. Zilizotaka sahani zilitegemea Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Horohoro, njia tuliyoizoea ya kwenda Mombasa, ikawa njia ya magendo. Sahani zilikuja zimefichwa katikati ya vitenge, pamoja na sabuni na dawa ya meno.

Nyingine zilifika zimepinda kwa jua la safari. Mzee alizilaza moja moja kati ya vioo viwili, akavianika juani kidogo tu, kisha akaviweka kivulini na betri la gari juu yake hadi sahani ipoe. Kazi hiyo ilitaka mtu asiondoke. Ukichelewa, mifereji inalainika na sindano haishiki tena. Nilikaa naye kwenye kivuli cha ukuta tukizilinda, na hapo ndipo aliponieleza wimbo unavyosafiri: kutoka kwa mtunzi hadi studio, kiwandani, kwa msambazaji, kwa dereva, kwa mtu wa mpakani, hadi kaunta. Kila mkono unakula kidogo. “Na anayekula mwisho,” alisema, “ni mwenye wimbo.”

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, wafanyabiashara waliogopa hata vitu vyao halali. Kwa miezi kadhaa masanduku ya sahani yalilala chini ya kitanda cha mzee, na dukani zikabaki redio mbovu tu. Daftari halikufichwa. Lilikaa juu ya meza ya ufundi, na watu waliendelea kuja kuuliza. Duka lisilo na sahani ya kuuza bado lilikuwa na wateja.

Kaseti ilipotawala, duka likageuka. Sahani zilikuwa adimu na gramafoni hazikuwa na sindano, lakini redio kaseti ilikuwa kila nyumba. Mteja alileta kanda tupu ya dakika 60 au 90 na orodha ya nyimbo, sisi tukamrekodia. Wakati huo nilishakuwa kijana na kazi ya kurekodi ilikuwa yangu. Nabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nakaa nikitazama saa ya ukutani nisije nikakatiwa wimbo mwisho wa kanda. Waliotaka bendi ya JUWATA walikuja, waliotaka Sikinde walikuja, wa Maquis na Vijana Jazz vilevile. Redio ikila kanda ya mtu, tulimkunjulia utepe na kuurudisha kwa kalamu ya Bic bila malipo.

Kaseti ilimfikishia muziki mvuvi na kuli wa bandarini ambao wasingeweza kumiliki gramafoni. Hilo ni jema na ni lazima lisemwe. Lakini fedha ya mteja iliishia kwenye kaunta yetu, na kaunta zilikuwa namna hiyo kila mji. Sheria ya wakati ule haikuwa na meno, na karibu hakuna aliyeiona kazi ile kuwa ni wizi.

Alasiri moja aliingia mwanamume aliyeshuka kwenye basi la Dar es Salaam. Aliomba arekodiwe nyimbo za bendi fulani, akazitaja moja baada ya nyingine bila kukwama. Mzee alikuwa ameinamia redio; aliposikia ile sauti akainua kichwa. Alikuwa ni mwimbaji wa nyimbo zile zile. Hakuwa na nakala ya hata mmoja. Nilimrekodia, na mzee akakataa pesa yake, naye akaisukuma tena juu ya kaunta. “Wengine mnawatoza,” alisema. “Na mimi nitozeni.” Mzee akampa kiti na kumfungulia daftari. Yule bwana alisoma kurasa za bendi yake hadi giza likaingia. Mahali pawili alisahihisha: hapa aliyepiga solo si huyu; wimbo huu hakuutunga kiongozi wa bendi, aliutunga kijana wa tumba ambaye jina lake halikuandikwa popote. Mzee akakata, akaandika upya.

Usiku ule niliitazama kaseti niliyomrekodia. Kwenye mgongo wake nilikuwa nimeandika kwa haraka neno “Mchanganyiko” na namba, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na wateja walikuwa wengi. Kanda zote tulizotoa zilikuwa vile. Leo watu husema simu ndizo zilizoua majina ya watunzi. Majina yalianza kupotea zamani, pale wimbo ulipotoka kwenye sahani yenye karatasi ukaingia kwenye kanda isiyo na kitu.

Miaka ya 1990 kazi ilinipeleka Nairobi. Huko niliona ukubwa wa biashara ambayo Tanga tuliishika kwa mkia. Pale River Road na mitaa ya jirani, mwenye duka mara nyingi alikuwa pia mwenye lebo. Melodica, dukani kwao Tom Mboya Street, walikuwa wakiuza na pia kutoa sahani. Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikuyu, alikuwa na duka lake mwenyewe, City Sounds. Kericho, mbali na jiji, Chandarana walirekodi benga na bendi za Kikalenjin na kuuza sahani zake pale pale mjini. Utaratibu huu ulikuwa na faida yake: anayeamua wimbo gani utolewe ndiye anayesimama kaunta jioni na kuona mteja anatabasamu wapi na anakunja uso wapi. Mkulima wa chai akishuka mjini siku ya mshahara, duka lilikuwa na muziki wa lugha yake. Kaseti za wizi ziliwapiga wafanyabiashara hawa kuliko sisi, maana wao waliweka fedha zao studio na kiwandani.

Kilichobaki nilikikuta Soko la Kenyatta. Soko hilo linajulikana kwa nyama choma na wasusi. Unapita katikati ya moshi huku akina dada wanakuita ukasukwe hata kama kichwa ni kipara. Ndani yake, kwenye kibanda namba 570, James Rugami, ambaye wengi wanamwita Jimmy, ameendelea kuuza sahani wakati wenzake wengi wamefunga. Ukuta hauonekani kwa majalada. Mara ya mwisho nilipokuwa pale waliingia wateja wawili karibu pamoja. Mmoja alikuwa mgeni kijana mwenye gramafoni ndogo ya kubeba na visikizio. Alisikiliza kila sahani kwa muda mfupi, akaweka upande zile alizozitaka, na kila alichokiweka alikiandika: lebo, namba, mtunzi. Wa pili alikuwa mzee wa Kenya aliyetafuta wimbo mmoja uliopigwa kwenye harusi yake. Hakukumbuka jina. Aliguna, kama wateja wa Ngamiani walivyoguna.

Nikiwatazama nilikosa sababu ya kumchukia yule mgeni. Sahani iliyolala kwenye sanduku chini ya bati linalovuja haimsaidii mtu. Buda Musique ya Ufaransa ilianza kutoa mfululizo wa Zanzibara mwaka 2005, na Soundway ya London ilitoa Kenya Special mwaka 2013. Wapo vijana wetu waliofahamu muziki wa babu zao kwa njia hiyo. Matoleo hayo huja na vijitabu vyenye majina na habari za bendi. Habari hizo zilitoka kwa wanamuziki wazee, na kwa watu waliosimama nyuma ya kaunta wakasikiliza.

Kariakoo ya Dar es Salaam ilinionyesha hali ilivyo kwetu Tanzania. Kwenye kibanda kimoja kijana alikuwa anawajazia watu nyimbo kwenye memori kadi. Nikamwomba Atomic Jazz. Akatafuta kwenye kompyuta yake, hakuna. Jamhuri Jazz, hakuna. “Mzee, ninayo Zilipendwa,” aliniambia kwa heshima zote, akanifungulia folda yenye jina hilo. Ndani kulikuwa na mamia ya mafaili, mengi yameitwa kwa namba tu. Nikasikiliza machache, na nyimbo nilizoziulizia zilikuwamo. Zilikuwa na kila kitu isipokuwa wenyewe. Kijana alifurahi nilipomtajia majina, akabadilisha mafaili mawili matatu papo hapo. Hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya wazee wapenda zamani. Lakini jina la mtunzi lina hesabu yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivyo hivyo. Mtunzi aliyefariki mwaka 1990, warithi wake wana haki hadi mwaka 2040. Wimbo ukitumika kwenye tangazo au ukitolewa upya Ulaya, kuna malipo ya kudai. Mjane atadai kwa ushahidi gani, kama wimbo unaitwa faili namba tano kwenye folda ya Zilipendwa? Ile karatasi ya duara katikati ya sahani ni ushahidi. Wino mwekundu wa mzee wa Ngamiani, wenye jina la kijana wa tumba, ulikuwa ushahidi.

Mzee amefariki, na lilipokuwa duka lake sasa yupo wakala wa kutuma pesa kwa simu. Watoto wake waliuza sahani kwa mnunuzi aliyetoka nje, na hawakukosea. Ilikuwa mali yao na walikuwa na mahitaji. Nilipowauliza kuhusu kaunta buku, waliangaliana. Mnunuzi hakuliulizia. Lilitupwa pamoja na makaratasi mengine nyumba iliposafishwa.

Kwa hiyo majirani zangu nimewajibu hivi, na wewe msomaji mwenye sahani ndani nakwambia hilo hilo. Bei mtapatana na mnunuzi. Lakini kabla hujauza, piga picha karatasi ya katikati ya kila sahani, pande zote mbili. Andika jina la wimbo, la mtunzi, la bendi na namba. Kama yupo mzee nyumbani anayekumbuka nani aliimba na nani alipiga gitaa, kaa naye leo, usingoje sikukuu. Kama unamfahamu mtoto au mjane wa mtunzi, mpelekee nakala aende nayo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya wapo KECOBO. Sahani ikiuzwa inaweza kununuliwa tena kwa anayeweza kulipa. Anayekumbuka akishazikwa, hapana duka linalomuuza.